Mota kwenye Baiskeli Nyepesi: Anza na Ekseli

Ndugu zangu, kabla sijasema lolote, naomba uma huu, ule unaoshika gurudumu la baiskeli, upite mikononi mwenu. Ni wa mbele, wa alumini, umetoka kwenye baiskeli ya mbio. Tazameni mpasuo wa kushoto, pale ekseli, yaani mhimili wa gurudumu, inapokaa. Umepanuka kama mdomo wa samaki. Nilikuwa napanda kilima, mota ikavuta, ekseli ikazunguka, ikajiviringishia waya mpaka ukakatika. Kosa langu mwenyewe: sikufunga kile kipande cha chuma kinachoizuia ekseli isigeuke.

Wengi wanaokuja kwangu huuliza wati na kasi. Mimi huuliza ekseli. Gurudumu la kawaida linazunguka tu juu ya ekseli, halina ugomvi nayo. Lakini mota iliyo ndani ya kitovu, ile sehemu ya katikati ya gurudumu, kila ikisukuma gurudumu mbele, ekseli nayo inataka kugeuka nyuma, na cha kuishika ni midomo miwili myembamba hiyo mliyoiona. Uma ukiwa wa kaboni, mota usiiweke mbele kabisa. Weka nyuma, na upime kwanza: baiskeli nyingi za mbio zenye breki za ringi zina nafasi ya milimita 130 kati ya midomo ya nyuma, ilhali mota nyingi za nyuma zinataka 135. Fremu ya chuma fundi ataipanua. Ya kaboni, usithubutu.

Haya, nguvu. Tuseme wewe na baiskeli yako mna kilo 90, mlima unapanda mita 6 katika kila mita 100, na mwendo ni kilomita 15 kwa saa. Kuupandisha uzito huo peke yake ni wati 220 hivi. Ukitoa 100 kwa miguu, na hizo si za kujiua, mota inadaiwa 120. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu mota ya wati 250, na msaada ukatike kwenye kilomita 25 kwa saa. Kwa baiskeli nyepesi hiyo ni nyingi.

Tena kwenye tambarare utaipita hiyo 25 kwa miguu yako. Hapo ndipo utajua ulinunua mota gani. Yenye giya ndani huachia, gurudumu likazunguka huru. Isiyo na giya, sumaku zake zinakuvuta nyuma, unajiona kama unaburuta gunia.

Betri nayo iwe ndogo. Seli 20, safu mbili sambamba za kumi kumi kwa mfululizo, zinakupa volti 36 na wati-saa, yaani nishati iliyomo, kama 250. Seli zenyewe ni kilo moja hivi, na zinaingia kwenye mkebe unaokaa mahali pa chupa ya maji. Ukila wati-saa 8 kwa kilomita, ni kilomita 30 za msaada usiokatika. Ukiwasha milimani tu, unafika mbali zaidi. Usikubali kifurushi kisicho na saketi ya kulinda seli, hata ukipewa bure.

Uma umefika nyuma? Mwenye swali aanze.