Lugha ndogo kwa chipu ndogo: mazungumzo na mafundi, Moshi

Haya wadau, wa nyuma sogeeni mbele, spika yetu ndo hivyo tena.

Naanza na mstari mmoja tu. Una Arduino Uno, kale kabodi kadogo ka kuprogramu, inawasha pampu ya tenki, shamba liko Kibosho juu huko, unataka pampu iende dakika moja izime, unaandika delei, ile amri ya kusubiri inayohesabu milisekunde, ya 60 mara 1000. Kwa setingi za kawaida hupigiwi kelele yoyote. Ila kwenye ile chipu namba ya kawaida ni biti 16, mwisho wake 32767, kwa hiyo 60000 haienei, inageuka -5536, na delei nayo haijui namba hasi, inaisoma kama 4294961760. Milisekunde hizo. Pigeni hesabu, siku 49 na ushee, pampu inanyonya kisima na wewe uko mjini unakunywa kahawa.

Sasa kuna watu wakasema, kwani lazima tuiandikie chipu moja kwa moja? Unachukua lugha kubwa ya kuprogramu kama Haskell, ndani yake unajenga kalugha kadogo ka kuongelea pini, sensa na muda basi, unairun kwenye laptopu, kinachotoka ni faili la C, lugha ambayo bodi inaikubali, na hilo ndo linaenda kwenye bodi. Wengi wanadhani Haskell yenyewe inaingia kwenye chipu. Itaingilia wapi? ATmega328P, ndo chipu ya Uno, ina flashi ya kuhifadhi programu kilobaiti 32 na RAM ya kufanyia kazi kilobaiti 2, mbili jamani, haya maneno yangu ya leo yakiandikwa yote hayaenei humo.

Kati ya kalugha hizo mimi naipenda Copilot, imejengwa ndani ya Haskell, imetengenezwa kwa ajili ya NASA, inachungulia mitambo wakati inafanya kazi kama inafuata masharti. C inayotoka hapo inatumia memori isiyoongezeka, maana kalugha kenyewe hakana njia ya kuomba memori katikati ya kazi wala kuandika lupu isiyoisha. Na pampu humo siyo "washa, subiri, zima", ni mtiririko wa kweli na uongo, kila mzunguko jibu moja. Mwaka 2020 mprogramu Joey Hess akaipeleka kwenye pini za Arduino, arduino-copilot. Huko milisekunde ni aina ya data ya peke yake, biti 32, so 60 mara 1000 inabaki 60000, na ukiipa namba ya biti 16 kutoka kwenye sensa inakukatalia palepale mezani, kabla hujapanda Kibosho.

Ubaya upo. Makosa ya Haskell ni marefu utachoka kusoma, na kwa kuwashawasha LED tu usijisumbue, andika C yako ulale. Na relei, ile swichi ya umeme inayowasha pampu, ikigandia, hamna lugha itakayokusaidia hapo, weka flotswichi, swichi ya boya inayofuata kina cha maji.

Haya, nani kaja na Uno? Ichomeke hapa tuione hiyo -5536 kwenye serial monita.