Grafu ya Jirani Kwenye Ukuta Wako

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nimeambiwa nina dakika ishirini na chai iko tayari nje, kwa hiyo sitazunguka: nazungumzia kubandika grafu ya mtu mwingine kwenye dashibodi yako, yaani ule ukurasa wa vipimo vya mfumo unaoning'inia ukutani.

Mnaikumbuka Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024? Mikongo miwili ya intaneti ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na watu Dar wakawa wanazima simu na kuwasha wakidhani bando limeisha. Mimi nilikuwa zamu. Tulikuwa na mfumo wa kuuza vyumba vya hoteli. Seva ziko hapahapa mjini, mawakala wengi wako Ulaya. Bosi akapiga: "Kijana, mbona watu wa nje wanasema mfumo umekufa?"

Nikatazama dashibodi. Prosesa iko chini, memori imetulia, diski haina neno. Seva imepoa kama duka la Kariakoo siku ya Idi. Pembeni yake tulikuwa tumebandika grafu ya mtoa huduma wetu wa intaneti, ile ya MRTG, programu ya kuchora trafiki ya mtandao, mnayoijua: kijani kinaingia, bluu kinatoka. Nayo inaonyesha trafiki tele. Nikasema basi, kama maji yapo bombani, kilichoziba ni changu. Nikaanza kuwasha upya huduma moja baada ya nyingine. Nikagusa hadi mafaili ya mipangilio ambayo hayakuwa na kosa lolote, na Jumatatu nikashinda nayarudisha yalivyokuwa.

Ilipita saa nzima ndipo nikasoma yale maandishi madogo chini ya grafu. Muda ulioandikwa ni wa asubuhi, nami adhana ya adhuhuri nilishaisikia. Kumbe ile ilikuwa picha tu, faili la PNG, na seva iliyokuwa ikiitoa ilikuwa ng'ambo. Kivinjari kiliposhindwa kuleta picha mpya, kikabaki na ya zamani, kimya, bila hata alama nyekundu. Habari ya barabara kukatika ilikuwa inategemea kusafiri kwa barabara hiyohiyo.

Simlaumu mtoa huduma. Picha niliibandika mimi.

Sasa, kuleta grafu ya nje kwenye dashibodi kuna njia kama tatu. Ya kwanza ndiyo hiyo, picha. Ni ya tangu MRTG yenyewe, mwaka 1995, na inavutia kwa sababu ni mstari mmoja wa HTML. Ya pili ni kufungua dirisha la iframe na kuuingiza ukurasa wa mwenzako mzima. Hapo wengi hukwama siku nzima wakitazama kisanduku cheupe. Tovuti nyingi hukataza kupachikwa ndani ya ukurasa mwingine, na zina haki: mtu mbaya anaweza kuuficha ukurasa wako chini ya wake, ukabonyeza kitufe usichokiona. Grafana, programu ya kuchora dashibodi, nayo hukataa mpaka ubadilishe allow_embedding kuwa true. Na kama dashibodi yako ni https, yenye usimbaji, na ya mwenzako ni http tupu, kivinjari hakitakubali. Tafadhali msiwe wale wanaofungua Grafana kwa kila mpita njia bila nywila ili iframe ionekane.

Ya tatu ndiyo iliyonileta hapa: achana na picha, omba namba. Kama ruta ya mtoa huduma imekaa ofisini kwako, omba ruhusa ya kusoma tu kwa SNMP, ile njia ya kuviuliza vifaa vya mtandao vipimo vyao. Wengi hukubali ukiuliza vizuri. Ukishapewa, soma kaunta za biti 64, zinazohesabu baiti zilizopita. Ile ya biti 32 hujaa ikifika baiti 4,294,967,296 na kuanza tena sifuri. Kwenye laini ya gigabiti 1 iliyojaa, hiyo ni kama sekunde 34. Wewe unaisoma kila dakika 5, kaunta imeshazunguka mara nane, na grafu inakwambia laini iko karibu tupu.

Namba zina faida nyingine. MRTG kwenye grafu ya wiki huchora wastani wa dakika 30. Chukua dakika 5 za megabiti 90 na dakika 25 za megabiti 6: wastani ni 20. Mteja aliyelia saa ile anaonekana mwongo. Ukiwa na namba zako, unahifadhi na kilele chake.

Halafu kuna saa. Seva zinaandika UTC, saa ya kimataifa, mtoa huduma anaandika saa za Afrika Mashariki, na mama mwenye hoteli anakwambia mfumo ulizima saa mbili. Saa mbili yake ya asubuhi ni 08:00 ya mtoa huduma na 05:00 ya seva. Nimeona watu wazima wakigombana kwenye kikao, kila mmoja na saa yake, na wote wako sahihi. Chora mistari yote kwenye paneli moja, muda mmoja chini.

Siku hizi Prometheus yetu, programu ya kukusanya vipimo, inapima njia mbili kutoka hapa Dar: anwani moja ya ndani ya nchi, nyingine Ulaya. Ya ndani ikiwa hai na ya nje imekufa, sigusi seva, napiga simu. Na pale namba isipofika, tumekataza kuchora sifuri. Sifuri maana yake nimepima nikakuta hakuna. Pengo maana yake sijapima.

Naona nina dakika tatu. Dada uliye karibu na ruta, hebu chomoa huo waya wa bluu. Huohuo. Asante. Sasa tazameni ukutani: mstari wa Ulaya umekatika hapohapo ulipofika, haukushuka chini. Subirini kidogo, simu yangu hii hapa mezani, iko kwenye laini ya kawaida, inangoja SMS ya onyo kutoka kwenye mfumo. Hiyo imelia.