Chupa Iliyokaa Rafuni

Nimeshalisema hili kwenye kumbi nyingi, na walionisikia zamani wanisamehe, leo nalirudia. Fedha tunazochangisha kwa jina la saratani ya titi zianze kwa kulipia kipimo cha kinyama, yaani kile kipande kidogo kinachotolewa kwenye uvimbe na kupimwa maabara kujua kama ni saratani.

Niwaeleze. Nikiwa muuguzi, baada ya mazungumzo kama haya, mama mmoja alinivuta pembeni, akaushika mkono wangu na kuupeleka mwenyewe kwenye titi la kushoto, upande wa kwapa. Kiuvimbe kigumu, kama punje ya hindi, ukikigusa hakisogei. "Hakiumi, sista," akaniambia, "ndiyo maana nilikiacha." Hakiumi! Hapo ndipo wengi tunapopotea. Saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haina maumivu hata kidogo. Najua mtaniambia vivimbe vingi vya titi si saratani. Ni kweli kabisa. Lakini kipi ni kipi, vidole vyangu haviwezi kujua. Hilo ni la maabara.

Basi mama yule akafanya kila tulichomwambia. Akapigwa picha, akachomwa sindano ya kuchukua kinyama, kikawekwa kwenye chupa yenye dawa, kikaandikwa jina lake. Halafu chupa ikakaa rafuni wiki saba. Kwa nini? Kipimo kilikuwa hakijalipiwa, na hakuna aliyemwambia kwamba bila malipo hakisafirishwi. Yeye yuko nyumbani, anasubiri kupigiwa simu. Niliikuta mwenyewe nyuma ya boksi la glavu, maandishi yameanza kufifia. Na mwezi uleule tulikuwa tumechangisha fedha za fulana na matembezi! Majibu yalipotoka: saratani, hatua ya pili. Alianza matibabu, lakini zile wiki saba hakuna wa kumrudishia.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya titi ulioanza mwaka 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Rafuni peke yake zilikwisha siku 49. Hesabuni wenyewe zilizobaki.

Kuna atakayesema bila matembezi watu hawatajua. Sikatai, mama yule alikuja kwa sababu alisikia. Ila ukimwita mtu mlangoni kwako, mfungulie. Na huo utepe wa pinki tunaouvaa kwa ajili ya saratani ya titi, mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani mmoja, Charlotte Haley, aligawa tepe za rangi ya pichi zilizobandikwa kwenye kadi. Kadi ilisema ni asilimia 5 tu ya bajeti ya taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani inayokwenda kwenye kinga. Haley alikuwa anauliza fedha zinakwenda wapi. Ndilo swali langu pia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka, dalili nyingine: ngozi ya titi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, damu kutoka kwenye chuchu, uvimbe kwapani. Akina baba, nanyi mnaugua, ingawa ni wachache. Msione haya kuja. Mamografia, ile picha ya eksirei ya titi, nilitaka kuieleza kwa kirefu, mniulize kwenye maswali.

Fomu za michango ziko mezani. Mstari wa tatu umeandikwa "kulipia na kusafirisha vipimo vya kinyama". Nawaomba mwanze na huo.