Visiki vya huku kwetu bado viko hai (mazungumzo na wanakijiji, Misungwi)

Mwangaluka wazee wangu, shikamooni. Kina mama mliokaa huko nyuma sogeeni basi, maana haya ya kurudisha miti kwenye mlima wetu huu uliobaki uchi yanawahusu nyie kuliko mtu yeyote, kuni nani anazihangaikia kama sio nyie.

Nianze na kisiki. Jana jioni nilipita pale nyuma ya yale mawe makubwa, njia ya kwenda kisimani, kuna kisiki cha mgunga kimekatwa usawa wa goti, juu kimeoza, ukipita haraka unasema hiki kilishakufa zamani. Nikainama. Nikahesabu machipukizi 11, na yote vichwa vimetafunwa na mbuzi. Yani kile kisiki kila mvua ikinyesha kinajaribu tena, kinachipua, mbuzi wanapita, basi, kinasubiri mvua nyingine. Mizizi yake iko chini huko imeshafika kwenye unyevu, ndo maana chipukizi la kisiki linakua haraka kuliko mche wowote mtakaoletewa kwenye gari.

Na miche mnajua ilivyotufanya. Kijiji nilichokuwa nafanya kazi mwanzo tuliletewa miche mingi tu, siku ile picha zikapigwa, wageni wakaondoka, kiangazi kikaingia na hakuna aliyepangiwa kumwagilia, mbuzi wakamaliza iliyobaki. Iliniuma sana kwa sababu watu walichimba mashimo kwa nguvu zao wenyewe kwenye jua. Sisemi miche ni mibaya, shuleni na nyumbani pandeni, ila ule mlima wote hamtaumaliza kwa miche.

Majirani zetu Shinyanga walishatuonyesha njia. Wakati wa mkoloni misitu ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, pamba nayo ikafuata na mashamba yake, mifugo ikaongezeka, halafu ile miaka ya 70 watu wakahamishiwa kwenye vijiji vipya wakaziacha ngitili zao nyuma. Ngitili mnaijua wazee wangu, ni malisho mnayafunga mvua zikianza, hakuna ng'ombe kuingia, mnakuja kuyafungua kiangazi kikali wakati nyasi kwingine zimekwisha. Hilo ni jambo la Wasukuma wenyewe, halijaletwa na mtaalamu. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa serikali, Hifadhi Ardhi Shinyanga, wengi wanaijua kama HASHI, na kitu cha maana walichofanya wale watu ni kwamba badala ya kuja na mashamba ya miti ya kigeni kila mahali walirudi kuuliza wazee, nyie zamani mlikuwa mnafanyaje? Ngitili zilizokuwa zimebaki wakati huo zilikuwa kama hekta 600. Kufika miaka ya mwanzo ya 2000 zilishapita hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Sehemu kubwa ya miti ile hakuna aliyeipanda, iliotea kwenye visiki na mizizi.

Nani alilinda? Dagashida, ule mkutano wa jadi wa Wasukuma, ilikaa ikapanga sheria na faini, sungusungu, yani walinzi wa kijiji, wakasimamia. Mtu akiingiza ng'ombe analipa, hata kama ni ndugu yake mwenyekiti.

Hapa sasa naomba tusikilizane vizuri maana ndo penye ugomvi. Ngitili zipo za kaya na zipo za kijiji. Mwenye ng'ombe wengi na eneo kubwa anafaidi ya kwake, lakini mama asiye na ng'ombe hata mmoja anafaidi ile ya kijiji, kuni, dawa, uyoga, nyasi za kuezekea. Kwa hiyo mkifunga mlima huu halafu kamati ikawa ya wanaume wenye mifugo tupu, mtakuwa mmemfungia huyu mama njia ya kuni. Mi nitasema wazi, kamati isiyo na wanawake msiipitishe.

Kisheria mna nguvu. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake kwenye ardhi ya kijiji, mnaandika mpango na sheria ndogo, halmashauri inapitisha, na mapato ya mazao ya msitu ule ni ya kijiji. Kilwa huko kusini kuna vijiji vinauza mpingo na mbao nyingine za msitu wao, mwaka 2009 vikapata hadi cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri. Sisi hatuna mpingo wa kuuza lakini Mwanza mjini mkaa unaisha kila siku, na mialoni samaki wanakaushwa kwa kuni, soko lipo, shida ni kwamba saa hizi anayekata hana mpaka na kijiji hakipati hata shilingi. Halafu udongo wa mlima uliobaki uchi mvua inausomba mpaka ziwani.

Basi maneno yasiwe mengi. Kesho saa 1 asubuhi tukutane pale kwenye kile kisiki. Anayeweza aje na panga lililonolewa, na mwingine aje na matawi ya miiba. Tutachagua machipukizi matatu yaliyonyooka, mengine yote tutayakata, tutafunga alama ya kitambaa ili kila mtu ajue kisiki hiki kina mwenyewe, tutakizungushia miiba. Kisha tutahesabu visiki vingine kuanzia pale mpaka juu kwenye mawe, na vijana wa kuchunga mbuzi nawaomba waje, wao ndo wanajua kila kimoja kilipo.