Mageuzi ya Elimu na Mwalimu Asiyedumu

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, mabibi na mabwana,

Wengi wenu mmenisikia nikilisema jambo hili hapa Lamu hadi limewachosha, nami nitalisema tena: kila mageuzi ya elimu humwongezea mwalimu kazi mpya, wala hayamwondolei hata moja ya zile za zamani. Mtaala wa umilisi (CBC), unaompima mwanafunzi kwa anachoweza kukifanya, ulipoanza kutekelezwa Kenya nzima mwaka 2019, mwalimu alitakiwa kumtathmini mwanafunzi mfululizo, kuhifadhi ushahidi wa kazi zake na kupakia alama katika tovuti ya Baraza la Mitihani, ilhali fomu za kumpima yeye mwenyewe, anazodaiwa na mwajiri wake, Tume ya Huduma ya Walimu, zilibaki palepale.

Niruhusuni nikae hapa kidogo. Katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate nilimkuta mwalimu wa Gredi ya 4 amepanda juu ya paa la nyumba baada ya isha, akitafuta mtandao kwa simu yake na kwa bando alilolinunua mwenyewe. Alikuwa amekwisha kuingiza alama za karibu darasa zima, mtandao ukakatika, akalazimika kuanza upya. Hakunilalamikia mshahara hata kidogo. Alichonilalamikia ni kwamba wiki nzima hakupata nafasi ya kukaa na watoto watatu wasiojua kusoma, na kwamba ni kwa ajili ya watoto kama hao ndipo alipoichagua kazi hii.

Najua yuko atakayeniambia kwamba mwalimu wa huku hulipwa posho ya mazingira magumu. Hulipwa, na hakuna anayeirudisha! Lakini posho hiyo ni ya nauli ya boti na maji ya chumvi. Haimnunulii saa alizopokonywa za kufundisha, na mwalimu aliyenyimwa kufundisha ataomba uhamisho hata mkimwongezea.

Kuhusu sekondari ya msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, iliyoanza Januari 2023 nitasema machache tu, kwani mgomo wa walimu wake wa 2024 ulikwisha kusema. Mwalimu mwenye shahada serikali imempa mkataba wa muda kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Mnashangaa nini akiiaga kazi?

Naona mwenyekiti anatazama saa, basi suala la nyumba za walimu wa Kiunga, kule karibu na mpaka wa Somalia, nitaliacha. Ombi langu kwa wizara ni hili: waraka wowote unaoleta kazi mpya utaje, katika ukurasa wake wa kwanza, ni kazi ipi iliyofutwa.