Una nyayo bapa? Tengeneza pedi ya uvungu kwa ndala iliyokufa, ila usikimbilie gundi!!

Mambo vipi wadau, karibuni tena kijiweni, hapa ni soko la Memorial, Moshi, mkisikia "mia tano mia tano" ni jirani yangu wa nguo za watoto, mvumilieni. Mi fundi viatu na nina nyayo bapa, wengine mnasema flatifuti, yaani huku chini sina uvungu kabisa, shuleni nilikuwa naitwa bata. Leo nakuonyesha ninavyotembea kutwa nzima bila visigino na magoti kulalamika. Pedi tayari ninazo hapa nauza, ila jaribu mwenyewe kwanza.

Lowesha mguu, kanyaga sementi kavu... we shika simu vizuri, ona, jua limeshakausha! Narudia. Haya haraka, mwenye uvungu alama yake inakatika upande wa ndani, yangu mi imejaa yote kama slesi ya mkate. Kama yako iko hivi na huumwi popote, endelea na maisha yako. Na mama wa mtoto wa miaka mitatu usihangaike, watoto wadogo wengi wako hivo, uvungu unakuja wakikua.

Sasa kiatu. Kipinde: kijikunje kwenye vidole, kikijikunja katikati kama chapati rudisha mezani. Kisokote kama unakamua nguo, kisikubali kirahisi. Bonyeza nyuma ya kisigino, pawe pagumu, maana sisi vifundo vinalalia ndani. Kwa mtumba geuza uangalie soli, ikiwa imelika upande wa ndani usichukue hata kwa buku, utarithi mwendo wa mzungu. Na nunua jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo. Mi napenda vya kamba, hizi simpo za kudumbukiza mguu dada zangu mnazipenda ila hazikushiki popote.

Pedi. Chukua ndala iliyokufa, ile ngumu ngumu, sio sponji ya godoro, inabonyea siku mbili kwisha. Kata kama kipande cha embe, urefu uanzie mbele ya kisigino uishie NYUMA ya kitako cha dole gumba. Narudia, nyuma ya kitako, kile kinundu unachokanyagia ukisukuma hatua, pedi isikiguse. Katikati unene usizidi sentimita moja, mi naanza na nusu, alafu msasa mpaka kingo zinakuwa kama karatasi. Hapa usivivie, kingo ikibaki nene utahisi umekanyaga maharage kutwa.

Toa soli ya ndani, geuza, weka pedi chini yake upande wa ndani wa mguu, afu bandika kwa SOLOTEPU. Sio gundi. Nisikilizeni jamani, sio gundi! Ya kwanza niliigundisha pale pale kwa kiherehere, imesogea mbele kidole kimoja tu, nikaenda nayo Kiboriloni kwa mguu kufuata mzigo nikarudi nachechemea, wiki nzima nashona viatu vya watu mi mwenyewe niko peku. Solotepu, tembea, vua, sogeza, tembea tena.

Haya naweka... nini? Mpwa wangu ananicheka nyuma ya kamera. Ah! Nimeweka upande wa nje, soli ikigeuzwa kushoto inaonekana kulia. Mnaona sasa, ingekuwa gundi hapa tungekuwa tunalia. Alama ya peni kwanza, hata mimi fundi.

Imekaa? Ikishakaa inatakiwa kama mkono umekushika kwa chini, isikuchome. Ndo gundi sasa, pande zote mbili, subiri ikauke kidogo, gandisha, gonga nyundo, basi.

Siku ya kwanza vaa saa moja tu, ongeza kila siku, misuli inashangaa kwanza. Na usiku simama kwenye ngazi, visigino nje, panda juu ya vidole, shuka polepole, mara kumi na mbili hivi, kuna mshipa wa msuli unapita nyuma ya kifundo cha ndani ndo unaovuta uvungu juu, huo unaufanyisha kazi.

Ila kama uvungu wa mguu mmoja umelala ghafla ukubwani, au pamevimba nyuma ya kifundo cha ndani, au ukisimama mguu mmoja kisigino hakinyanyuki, au una sukari na nyayo zina ganzi, usije kwangu na ndala yako, nenda hospitali ya KCMC. Hapo hapo kuna TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya miguu, kipo tangu 1981, wale wanakupima unyayo wako kabisa, mi napima kwa jicho.

Chaji imebaki asilimia nne, mguu wa pili namalizia kamera ikiwa imezimwa, na safari hii nimeweka alama... mpwa, peni iko wapi?