Kabla Hujang'oa, Uliza Habari za Mfupa

Ahsanteni. Fundi, kipunguze kidogo hicho kipaza sauti, kinanipigia mluzi. Hapo sawa. Naona sura ninazozifahamu hapa mbele, na wengine mmeshaanza kucheka kwa sababu mnajua nitasema nini. Nitasema hilo hilo. Siku watu watakapoacha kunijia wakiwa wamechelewa, nitatafuta mada nyingine.

Nimeombwa nizungumzie upandikizaji wa mfupa, yaani kuongeza mfupa pale ulipopungua, kabla ya kuweka jino la kupandikiza: skrubu ya titani inayofungwa ndani ya taya, kisha jino la bandia juu yake. Kisa cha Brånemark, daktari mtafiti aliyegundua jambo hili, na sungura wake wa majaribio nakiruka. Itoshe kwamba tangu mwaka 1965, alipomwekea mgonjwa wake wa kwanza kule Göteborg, Uswidi, tunajua mfupa hai hushikamana na titani, yaani hiyo metali ya skrubu. Lakini sharti huo mfupa uwepo. Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Mfupa unaobeba meno upo kwa sababu meno yapo. Mliolima viazi vitamu mtanielewa: ukishachimbua viazi, siku hiyo tuta unaliona bado limesimama. Mvua mbili tatu, limelala. Taya nalo ni hivyo. Jino likitoka, takriban nusu ya upana wa mfupa wa pale hupotea ndani ya miezi 12, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Miezi mitatu! Wewe bado unajisemea "kidonda kipoe kwanza", kumbe tuta linalala.

Alinijia mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Alianguka na bodaboda, jino la mbele la juu likavunjika hadi kwenye shina. Akaenda mahali, sitapataja, akapigwa ganzi, likang'olewa kwa dakika kumi, akapewa pamba aume na panadol za njiani. Basi. Miaka sita alifundisha kiganja kikiwa mdomoni. Aliniambia watoto wa darasa la pili walikuwa wakimwigiza: mkono mmoja chaki, mkono mwingine mdomo. Akadunduliza mshahara. Akaja kwangu na pesa kwenye bahasha ya kaki, amezihesabu, akasema, "Daktari, leo naomba jino langu."

Nikapitisha kidole juu ya ufizi. Pamebonyea, kama godoro kuukuu pale mtu anapolalia kila siku. Tukapiga picha ya siti skani, inayoonyesha mfupa kwa ndani, pande zote. Upana wa mfupa: milimita 3. Skrubu niliyotaka kuweka ina unene wa karibu milimita 4, na inahitaji mfupa mzima kuizunguka pande zote. Muulize seremala yeyote kama anapiga msumari mnene kwenye ubao mwembamba kuliko msumari wenyewe.

Nilipomweleza hakulia. Alikasirika. Akaniuliza, "Kwa nini siku ile hakuna aliyeniambia?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Ikabidi tufuate njia ndefu. Nikakwangua mfupa wake mwenyewe nyuma ya magego ya chini, nikauchanganya na chembechembe za mfupa wa ng'ombe. Mkiziona zinafanana na chenga za chumvi ya mawe. Zikilowa damu zinashikana kama uji mzito, unazipanga kwa kijiko kidogo. Juu yake nikafunika utando wa kolajeni, protini itokayo kwa wanyama, nikashona. Shavu lilimvimba siku tatu. Tukangoja miezi sita kabla ya kuweka skrubu, na mingine karibu minne kabla ya kuweka jino lenyewe. Zile chembechembe, mnielewe, si mfupa mpya. Ni mirunda. Mafundi ni chembe hai za mwili wako. Zinaipanda mirunda na kujenga polepole. Ndiyo maana haiharakishwi hata ukilipa mara mbili.

Sasa, siku ile ya bodaboda, kama ukuta wa mbele wa lile shimo la jino ulikuwa mzima, lingejazwa chembechembe kama hizo pale pale, kwa ganzi ile ile. Na ukuta huo kwenye meno ya juu ya mbele mara nyingi haufiki hata milimita 1. Anayeng'oa kwa kutikisa kama anang'oa kisiki anaondoka nao.

Najua kuna mtu anasema moyoni: huyu anatafuta bili ya pili. Haya, tuongee. Si kila pengo linahitaji kujazwa. Gego la mwisho likitoka, nenda nyumbani ukalale. Kama umeamua utavaa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, sikusumbui. Na hata ukijaza shimo, tuta litapungua kidogo. Anayekuahidi halitapungua hata chembe anakudanganya. Ninachodai ni swali moja tu, liulizwe jino likiwa bado mdomoni: hapa patawekwa nini baadaye? Mgonjwa akisema hana pesa, sawa, lakini awe ameambiwa.

Na la ng'ombe, kwa sababu kila mara naulizwa. Mfupa wake umechomwa na kusafishwa mpaka yabaki madini matupu. Ila ule utando, upo wa ng'ombe na upo wa nguruwe. Muislamu ana haki ya kuuliza kabla ya kufunguliwa ufizi, kama Mhindu anavyoweza kuukataa wa ng'ombe. Kuna chembechembe za kutengenezwa maabara, na kuna mfupa wako mwenyewe. Daktari asiyejua anachokuwekea kimetoka wapi, vaa viatu uondoke.

Naoneshwa saa. Nilitaka kueleza habari ya magego ya juu, jinsi tunavyouinua utando wa sinasi, ule uwazi wenye hewa ulio juu ya magego hayo, ili kupata nafasi ya mfupa, haitawezekana leo. Haraka haraka: mvuta sigara, mfupa uliopandikizwa hupona kwa damu, na sigara inabana mishipa ya damu. Mwenye kisukari, njoo sukari ikiwa imeshuka. Bibi anayechomwa sindano za kuimarisha mifupa, aseme mapema, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hufanya taya isipone baada ya kuguswa.

Mzee wangu wa kofia, umenyoosha mkono tangu nilipomtaja ng'ombe. Karibu, uliza.